Sauti ya Generoza Kinywani mwa Mwizi

Generoza aliwaalika mama yake na jirani zake wa mtaa wa South End, ugenini kama wao, waje baada ya ibada kutazama sehemu ya pili ya katuni ya Kijapani, kichekesho cha samurai mjane anayelinda daraja asilolipita mtu. Sauti ya mjane ilikuwa yake. Wiki tatu, akitoka zamu yake kwenye ghala la mizigo huko Okolona, alijifungia kwenye kabati la nguo ili kelele zisiingie, akarekodi maneno yote kwa Kiswahili, akamtumia Festus, mwanafunzi Mkenya wa mji wa Columbus aliyeongoza kazi ya kuitia katuni hiyo Kiswahili.

Runinga ikawashwa. Mjane akachomoa upanga, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya msichana wa Nairobi. Kisha akatokea mwizi wa kuku, mwanamke mlevi, na kila alipopigwa alilia kwa sauti ya Generoza. Yalikuwa maneno ambayo Festus alimwomba ayasome "kwa kujaribu mitambo tu".

Wageni walicheka hadi machozi. Mama yake hakucheka.

"Ule mwizi ni weye?"

Generoza akatoka nje na simu.

"Festus!" Siku zote alimwita ndugu Festus. "Sauti yangu iko inafanya nini mu kinywa ya mwizi?"

"Dada Generoza, umeiona! Watu wamependa sana."

"Nakuuliza."

Festus alikohoa. "Sikiza. Samurai lazima aongee Kiswahili sanifu, ndio watu wamchukue siriasi. Chako kinafaa kuchekesha."

"Donc, basi, Kiswahili yangu ni ya mwizi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, tena kwa hiyo katuni, mbele ya mama yangu. Ungeniomba niwe mwizi, ningekuwa mwizi. Ulinidanganya! Toa sauti yangu leo."

Akakata simu, akampigia Rugamba, fundi wao wa sauti aliyekuwa mji wa Buffalo.

"Weye pia, Rugamba? Kwetu na kwenu ni mulima moja!"

"Nilikata sauti yako nikiwa na haya, dada."

"Na haya yako ikakata vizuri sana."

Kabla jua halijazama, Rugamba alikuwa ameiondoa katuni mtandaoni, na kesho yake akamtumia Generoza nyingine, mjane akiwa na sauti yake halisi. Generoza hakumshukuru. Aliiweka simu mezani jikoni, katuni ikicheza, mama yake akaisikiliza yote, ameshika kijiko bila kukoroga chai.

"Huyu anagomba kama nyanya yako," alisema.

Generoza alitaka kutabasamu, hasira ikamzuia. Simu ikaita, Festus kwa mara ya tatu. Akaizima.