Sabuni ya Wageni

Stellamaris aliingia chumba cha mwisho akisukuma karai la maji kwa mguu, mikono imejaa mashuka. Wodini sabuni haikuwapo tangu Ramadhani. Mashuka yalifuliwa kwa majivu.

Humo waliwekwa wasiotarajiwa kupona. Leo walikuwa wawili: Bi Mwanaamina wa Masaki, na Kidawa wa kitanda cha ukutani, haongei. Kibwana, mtoto wa Bi Mwanaamina, alikwenda kuwaita ndugu akakwama huko. Tangu vita viishe basi hukaa siku nzima likingoja dizeli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umelia tena wewe."

"Moshi wa jikoni, bibi."

"Moshi gani, na kuni hamna?" Alicheka, akakohoa. "Haya, soma nikusikie."

Stellamaris, binti wa parokiani, akasoma shahada aliyofundishwa na mgonjwa huyo mwenyewe.

"Ulimi wako mzito, lakini utafaa. Kibwana akichelewa, nisomee wewe. Na unioshe. Wanangu wasinikute nanuka."

Sista Laurentia, mkuu wa wodi, alimwita koridoni. Viongozi wa mkoa walikuwa njiani. Juu ya beseni jipya palikuwa na kipande cha sabuni, cha kunawia mikono yao.

"Wahudumu wote nje, mkaimbe."

"Sista, bibi anakata roho."

"Kila anayelazwa mle anakata roho. Leo nachagua mhudumu wa kwenda chuo cha uuguzi, Stella. Niseme nini juu yako? Kwamba unamlilia kila mgonjwa?"

"Nalia huku nafanya kazi."

"Nenda kaimbe."

Sista alipogeuka, Stellamaris alichukua ile sabuni.

Alimwosha Bi Mwanaamina uso, kwapa, miguu, povu likijaa karai. Nje wenzake walikuwa wakiimba na kupiga makofi. Pumzi za bibi zilipoachana, akamwinamia sikioni akasoma. Kilio kikamkata katikati. Akaanza upya, akamaliza. Midomo ya bibi ilimfuata, kisha ikatulia.

Mlango ukafunguliwa. Sista aliliona povu.

"Wageni wamesimama penye beseni, sabuni hakuna. Basi chuo umekikosa. Atakwenda mwenzako Mwanajuma, yeye halii."

"Mwanajuma haingii humu, Sista. Atalia saa ngapi?"

Sista alinyoosha mkono apewe sabuni.

Ukutani shuka lilisogea. "Na mimi, mwanangu," alisema Kidawa.

Stellamaris alimfunika Bi Mwanaamina uso. Machozi yakimtiririka, akalisukuma karai kwa mguu hadi kitanda cha pili, sabuni mkononi.