Githeri ya Mzee Gatimu

Ukitaka kumwona Mzee Gatimu akivimba kichwa, muulize ni nani aliyeleta maji Wamagana. Atakutajia kila bomba kutoka msituni hadi mlangoni pako, na ukimkatiza ataanza upya. Miaka thelathini alikuwa fundi wa mradi wa maji.

Kitu kimoja tu alikijivunia kuliko mabomba: binti yake Watiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Watiri alisoma akibeba githeri baridi kwenye mkebe, wenzake wakamcheka, akaapa kwamba siku akipata, baba yake hataona tena mchanganyiko huo wa mahindi na maharagwe. Akapata. Akamjengea nyumba ya mawe, na kwa miaka sita akamlisha wali wa Mwea, mkate mweupe na nyama. Mzee alikuwa akiitamani githeri kimoyomoyo, lakini binti kama huyo utamwambiaje?

Kisha tumbo likaanza kumsokota, chini upande wa kushoto. Choo kikawa punjepunje kama cha mbuzi. Watiri akampeleka hospitali, na huko mzee akaingizwa kamera ya kuchunguza utumbo.

Daktari Karambu, mwanamke wa Meru asiye na haraka, aliwaonyesha picha. Ukuta wa utumbo mpana ulikuwa umetokeza vifuko vidogo vidogo.

"Utumbo hujikaza ili usukume choo," alieleza. "Choo kikiwa kidogo na kigumu, unabana sana, huku na huku, na presha inapanda hapo katikati. Ngozi ya ndani inasukumwa nje mahali ukuta ni dhaifu."

Mzee nusura aruke kitini. "Daktari, hiyo maneno naijua! Ukifunga valvu mbili na pampu bado inasukuma, bomba inafura mahali imechoka. Sasa hiyo inataka kitu ya kuijaza ipite vizuri, isifinywe."

Daktari akacheka. "Mzee, nitakuita unifundishie wanafunzi. Vifuko havitarudi ndani, lakini tukipunguza presha huenda visikusumbue tena. Unakula nini?"

Watiri ndiye aliyejibu, kichwa juu.

"Baba hajagusa githeri tangu nimjengee. Ni mkate, wali na nyama."

"Basi arudie githeri," daktari akasema kwa upole. "Mahindi na maganda yake, maharagwe, sukumawiki. Aanze polepole, na anywe maji mengi."

Mzee hakumwangalia daktari. Alimwangalia binti yake, na uso uliokuwa juu sasa ulikuwa umeinama. Moyo ulimuuma kushinda tumbo.

"Daktari, huyu msichana hana makosa," akadanganya. "Mkate ni mimi naitisha."

Wakarudi nyumbani. Na Jumapili ile ilikuwa zamu yao kupokea watu wa kanisa. Githeri mbele ya wageni, tena ndani ya nyumba ya mawe? Wangesema biashara imeanguka. Mzee akaamua kwamba chochote kitakachoandaliwa atakila na kusifu, tumbo lisokote lipendavyo. Hangemwaibisha mtoto wake.

Wageni wakajaa, maombi yakaisha. Watiri akatoka jikoni na sufuria kubwa, akafunua. Ilikuwa githeri na sukumawiki. Phyllis, kiongozi wa akina mama, akanyanyua nyusi.

"Ati githeri? Watiri, kwani leo kuna nini?"

"Leo kuna baba yangu." Hakushusha sauti. "Miaka sita nimemlisha hizi sifa zangu. Tumbo yake ikaumia, na yeye akanyamaza ndio nisiaibike. Hata kwa daktari alinidanganyia. Nilikosea, na nataka nyinyi wote msikie. Baba, kula."

Akampakulia wa kwanza, sahani ndogo kama alivyoagiza daktari, na gilasi ya maji kando. Mzee akatafuna polepole, machozi yakimlengalenga, wala hakuyaficha. Wageni nao wakapanga foleni, Phyllis mbele yao.

Ili kuchangamsha mazungumzo, Phyllis akamgeukia. "Mzee, hebu tuambie vile ulileta maji huku kwetu."

"Achana na maneno ya bomba," Gatimu akasema. "Umeona huyu msichana yangu?"