Mgeni wa Heshima

Mama Khalayi hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa mbaya, watu wangemlaani yakaisha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kutenda wema bila mashahidi. Akimpelekea mgonjwa uji, mtaa mzima wa nyuma ya stesheni ya Voi ulijua kama uji huo ni wa wimbi au wa mtama.

Basi Mapendo alipotokea kanisani na binti yake Divine, Khalayi ndiye aliyemshika mkono. Mapendo alikuwa Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Kakuma. Alikuwa amepewa kibali cha kutoka kambini miezi miwili, mtoto akapasuliwe jicho Nairobi. Jicho lilipona, kibali kikaisha, na mama hakurudi. Alipanda basi la Mombasa akashuka Voi, kwa sababu nauli ilikomea hapo. Miaka tisa alikuwa amepanga foleni ya chakula cha msaada, naye ni fundi wa nguo. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kula jasho lake.

Khalayi alimpa chumba cha uani na cherehani iliyokuwa imefunikwa kitambaa tangu mumewe, Nyongesa, astaafu kazi ya reli. Mikono ya Mapendo, wacha tu. Haukupita muda akawa anashona sare za shule tatu, na wanawake walikuwa wakitoka hata kijiji cha Mraru kuja kupimwa. Divine akaanza shule. Mwezi wa kumi tangu waje, kikapatikana kibanda cha mabati karibu na soko.

Hapo Khalayi akataka ufunguzi. Utepe, viti vya kukodi, soda, na mgeni wa heshima, maana kwake duka lisilo na mgeni wa heshima lilikuwa sawa na harusi isiyo na bi harusi. Akamwalika chifu Mulinge.

Mapendo aliposikia jina la chifu, aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama," alisema, "tufungue kimya tu. Mimi sitaki kuonekana."

Khalayi alicheka. Akamwambia chifu ni mtu wa watu, na kwamba anayejificha ndiye hushukiwa. Mapendo hakubishana, utabishanaje na anayekupa pa kulala? Akakata utepe kutoka kwenye kitambaa cha sare, akaupinda kingo vizuri, kisha akamshonea Khalayi gauni la kitenge la kuvaa siku hiyo.

Siku ilipofika watu walijaa, simu zikainuliwa juu. Khalayi akashika maikrofoni. Angesema asante akaketi, Mapendo angekuwa pale hadi leo. Lakini makofi yalimnogea. Akasema mwanamke huyu mnayemwona alitoka Kakuma na kibali cha miezi miwili, kikaisha, akakataa kurudi kuombaomba, na leo ni miezi kumi hajamwomba mtu hata chumvi. Watu wakashangilia. Chifu Mulinge, aliyekuwa ameshashika mkasi, akauweka mezani taratibu.

Hakufoka. Alimwita Khalayi nyuma ya kibanda.

"Mama, hata bibi yangu ameshonewa hapa," alisema. "Nilikuwa najua, na nilikuwa nanyamaza. Sasa umesema mbele ya watu wote na simu zao. Ungeniacha tu nijifanye sijui."

Khalayi akamsihi aandike barua ya kumtetea. Chifu akasema barua yake haifiki kwa wakubwa wa mambo ya wakimbizi.

Siku ya tatu gari la serikali lilikuja kuwarudisha kambini, maofisa wakampa Mapendo saa moja afungashe. Hakulia. Alimalizia vifungo vya sare ya mtoto wa Wakesho, jirani yao, akaikunja. Divine aliuliza kama kule Kakuma watamruhusu kuvaa sweta ya shule ya Voi. Kisha Mapendo akaifunika cherehani kwa kitambaa kile kile cha zamani.

Khalayi alisimama mlangoni. Aliona aibu, na alitaka kuomba msamaha. Lakini uani hapakuwa na watu, walikuwa wao wawili na mtoto, na yeye aliyezoea maikrofoni alikosa la kusema. Mapendo alingoja kidogo, kama anayempa nafasi. Kisha akamshika Divine mkono, wakaingia garini.

Utepe haukukatwa. Bado umefungwa pale kibandani, jua limeuchujua rangi, na Khalayi siku hizi huenda sokoni kwa njia ya kuzunguka.