Ukurasa wa Baba Mkwe

Jina la mnyama mwenyewe sitaliandika, na wewe ukilijua limeze. Namsema yule wa madoa, anayepanda mti na mbuzi mdomoni. Nimebaki na meno manne, lakini bado sina haja ya kumwita.

Mwaka wa 1953, hapa Itebero, alikula mbuzi watatu na mbwa mmoja, kisha akaanza kuzungukia kijito tulikoteka maji. Jumanne baba yangu, Papa Isidore, akachukua nyavu na mkuki, akaingia msituni na wanaume wawili. Baba alivaa rozari shingoni, lakini desturi ya wawindaji aliishika kwa mikono miwili: nyavu zikiwa msituni, watu wa nyumbani hawalitaji jina la mnyama. Ukilitaja anasikia, anageuka, anamrukia mwenye nyavu.

Mama alinishika sikio. "Euphrasie, kinywa chako kinavuja. Ukisema lile jina, njo umeua baba yako."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliogopa hata kupiga chafya.

Wiki ile ile Mwalimu Symphorien alikuwa anatufundisha diksionere, kamusi ya Kifaransa. Ilikuwa moja kwa kalasi nzima, imefungwa katika kitambaa cheupe, na hukuigusa kabla ya kunawa. "Musianzie mwanzo kama muntu anatafuta mbuzi yake," alisema. "Herufi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Muangalie maneno mawili ya juu ya ukurasa: neno lenu linalala katikati yao." Kulikuwa na kitabu kingine chembamba, cha maneno ndugu: neno moja, na chini yake mengine yanayosema kitu kile kile. Mwalimu alikuwa mtu wa vilima vya Masisi, mtu wa maharagwe. Mambo ya nyavu hakuyajua.

Ijumaa akaja Padri mkaguzi na ndevu zake. Mtihani ulikuwa hivi: mwalimu anaandika neno kwenye tablo, mwanafunzi analitafuta, analisoma kwa sauti pamoja na maana yake. Mwenzangu Honoré alipewa neno la kofia. Ungepika maharagwe yakaiva kabla hajalipata. Kisha mwalimu akaandika langu.

Ni yeye. Ndiyo, kwa Kifaransa. Lakini nani aliniambia kwamba yule hasikii Kifaransa?

Nikalipata upesi. Pembeni palikuwa na picha ndogo, nayo ilinitazama. Baba alikuwa kule, siku ya nne.

"Soma," mwalimu akasema.

Nikaifunika picha kwa kidole.

"Soma, mutoto! Uko bubu?"

"Hajue, Mwalimu," Honoré akadakia. "Mutoto wa pori, anasoma nyayo tu!"

Walicheka. Mwalimu akachukua fimbo, jicho moja kwa Padri. Alimwogopa Padri kama mimi nilivyomwogopa yule mwingine. Nikaona kile kitabu chembamba mezani. Basi kinywa changu kikavuja, ila kwa upande mwingine.

"Mzee wa Madoa," nikasema. "Mguu Mwepesi. Asiyebisha Hodi. Mchunga Mbuzi za Wengine. Baba Mkwe."

"Baba mkwe?" Padri akauliza. "Kwa nini?"

"Mon Père, naye jina lake halitajwi, na ukimwona njiani unapisha."

Padri akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Symphorien, mtoto huyu ni kitabu cha maneno ndugu! Na neno lenyewe?"

Mwalimu, kwa furaha, akalisema. Akagonga tablo, akalisema tena, na kalasi nzima ikaitikia kwa sauti moja, madirisha wazi, msitu uko pale nyuma ya choo.

Nikakimbia. Mwalimu akanifuata akiniita. Tulikuwa bado uani kwetu, jua limeshapinduka, pembe ya wawindaji ilipolia, mlio wa mtu aliyeumia. Mama akaketi chini palepale. Wakatokea wale wanaume wawili wamembeba baba kwenye machela ya fito, bega limechanwa. Nilitazama vidole vyake. Vilisogea.

"Alikuwa amekwisha kuingia wavuni," baba akasema polepole. "Akageuka kama muntu aliyeitwa. Nani alilitaja?"

Wenzake wawili wakatutazama mmoja mmoja. Nyuma yangu mwalimu akarudi hatua moja.

"Kitabu, Papa," nikasema. "Kitabu cha Wazungu njo kililitaja."

Baba akafumba macho. "Basi kitabu kilipe kuku."

Kabla jua halijazama, mwalimu alileta kuku mwenyewe, mweupe, amemkumbatia kama mtoto wa ubatizo. Baba alipona. Yule alikimbia na mkuki ubavuni, na mzoga wake haujaonekana hadi leo. Ndiyo maana kalamu yangu inapita mbali.

Mwaka uliofuata Padri akarudi, akafungua diksionere pale pale kwenye neno lile, akakuta kurasa mbili zimegandishwa kwa ugali wa muhogo. Akamtazama mwalimu.

Mwalimu akatazama msitu kupitia dirishani, kisha akainuka, akalifunga dirisha.