Alichosema Mama Baba Alipotoka Mgodini

Mhariri wangu wa London, Bwana Pettifer, alinirudishia sura ya kumi na moja imejaa wino mwekundu. Humo mke wa mchimba makaa anamwona mumewe mlangoni, siku mbili baada ya mgodi kumporomokea, naye anapaza sauti: "Lo! Mbingu na ardhi! Macho yangu yaona nini?" Pembeni Pettifer aliandika: "Hayo ni ya vitabu vya kale. Kwenu mtu akistaajabu husema nini? Kama hujui, sura hii naiondoa."

Nilikasirika. Huyu wa London anifundishe watu wangu! Sura ile ilikuwa ya wazazi wangu, na bila hiyo kitabu chote kingebaki ganda tupu. Lakini hasira hasara: kweli sikujua. Wakati ule nilikuwa na miaka mitatu, na sisi watu wa Yorkshire hatuulizani mambo kama hayo. Mishangao yangu yote niliiokota vitabuni.

Jumapili nikapanda treni kwenda nyumbani. Mama alikuwa anamenya viazi, Baba kajificha nyuma ya gazeti.

"Mama, siku ile Baba alipotokea mlangoni, ulisema nini?"

"Nilimwambia avue viatu."

"Viatu?"

"Si nilikuwa nimetoka kupiga deki! Na yeye mweusi tii kwa makaa."

"Basi? Hata Mungu hukumtaja?"

"Mungu angenidekia?"

Nikaona sura yangu imekwenda na maji. Ndipo gazeti likashuka.

"Mwambie ulideki mara ngapi, Winnie."

"Nyamaza, Clifford."

"Siku mbili, usiku na mchana, sakafu hiyo hiyo. Majirani waliniambia." Baba akanigeukia. "Mimi nilisimama pale sijui kama ni mzima au mzuka. Aliposema vua viatu, nikajua niko hai."

Mama alizidi kumenya, ametugeuzia mgongo.

Niliandika vilevile walivyosimulia. Jumanne Pettifer akapiga simu. "Sura inabaki," alisema, kisha nikamsikia anapenga kamasi. Nilishusha pumzi ya wiki nzima, nikacheka peke yangu kama mwehu, nikampigia Mama.

"Umeandika nani alivivua vile viatu?" akauliza.

"Si Baba mwenyewe?"

"Kwa vidole gani, mwanangu? Vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipiga magoti nikamvua mimi. Nikabaki nimevipakata viatu hivyo mpaka jioni."