Mlango wa Arobaini na Moja

Kata iligonga ukingo wa pipa mara mbili upande wa pili wa ukuta, nikajua jirani yangu Fusae ameamka. Ilikuwa saa tisa na nusu, kabla ya alfajiri. Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na kwa miaka thelathini niliamshwa na kata yake akiteka soya zilizolala majini ili azisage, atengeneze tofu, ile jibini laini ya soya. Siku hiyo haikuniamsha. Nilikuwa macho usiku kucha, na chini ya godoro langu kulikuwa na mchoro uliokunjwa mara nne.

Mabomu ya vita yalipowachukua wazazi wetu, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wangu Eikichi kumi na mitatu. Tulirithi duka la vitambaa lisilokuwa na kitambaa hata kimoja. Mji mzima wa Tsurumoto ulikuwa na njaa. Kila asubuhi Fusae aliweka mlangoni petu bakuli la machicha ya soya ya moto, limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Hakuwahi kubisha hodi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakutaka tulazimike kushukuru na hali hatuna cha kurudisha.

Eikichi alikua kwa machicha yale. Mwaka wa hamsini na moja alianza kupeleka vitambaa kwa baiskeli hadi kwenye mabweni ya wasichana wa viwandani, akaipa kazi hiyo jina letu la ukoo, Sawaguchi. Miaka saba baadaye alifungua duka ambalo mteja anachukua kikapu na kujiokotea bidhaa mwenyewe. Shangazi yetu alisimama mlangoni nusu saa nzima akingoja mtu wa kumhudumia, kisha akarudi nyumbani amekasirika, akisema hajawahi kudharauliwa vile. Tulicheka mpaka machozi. Yakawa maduka matano, kumi na mawili. Koo nyingine mbili za wafanyabiashara zikaungana naye. Ilipofika mwaka wa sabini na tano yalikuwa sitini na matatu. Mimi nilibaki na duka letu la zamani, nikiuza kanda za nguo na nyuzi. Nilijivunia. Sitasema uongo, nilijivunia sana.

Ndipo akataka kujenga duka kubwa kuliko yote papa hapa Tsurumoto, mbele ya stesheni, hatua mia mbili kutoka mtaa wetu. Siku hizo duka kubwa lilihitaji ridhaa ya wenye maduka madogo. Mtaa wetu ulikuwa na milango arobaini na mmoja, ukiacha wangu, na chama chetu kiliamua hivi: mlango mmoja ukikataa, mtaa mzima umekataa.

Eikichi alikuja peke yake, amevaa suti ya kijivu, akaweka paji la uso wake juu ya mkeka wangu.

"Inuka, wewe," nikamwambia. "Utakunja suti."

"Dada, mimi wananiona tajiri. Wewe wanakuona wewe. Waambie kila mwenye duka atapata nafasi sakafu ya chini. Muuza samaki, muuza mboga, wote. Nakuahidi."

Basi nilivaa kimono changu cha heshima nikaenda mlango kwa mlango. Nilipiga magoti, nikainama, nikasema nafasi zitakuwepo. Walinipa chai. Muuza chai ya majani, mzee mkali, aliniambia, "Angekuja mdogo wako ningemmwagia maji. Umekuja wewe, nitafanyaje?" Akapiga muhuri kwenye karatasi ya ridhaa. Kwa wiki tatu nikapata mihuri arobaini. Fusae nilimweka wa mwisho, kama mtu anavyoacha tonge tamu liwe la mwisho.

Jioni ya kabla ya siku ya kumwendea, ofisi ya Eikichi iliniletea mchoro wa sakafu ya chini. Nadhani waliutuma kwa makosa. Kila chumba kilikuwa na jina ndani yake. Nilimtafuta muuza samaki wetu, sikumwona. Karibu na ngazi palikuwa na chumba kimeandikwa "tofu", na chini yake jina la kiwanda cha Nagoya.

Nikampigia simu Eikichi.

"Dada, sasa kampuni si yangu peke yangu. Kuna benki, kuna wenzangu."

"Uliniahidi."

"Umebakiza mlango mmoja, Dada. Ukikataa, nimekwisha. Nimekopea jengo hilo kila kitu nilicho nacho."

Nilimsikia akipumua, na pumzi ile ilikuwa ya yule mtoto wa miaka kumi na mitatu niliyembeba mgongoni wakati mji unaungua.

Kulipokucha nikavaa kimono, nikaenda.

"Jamani!" Fusae akasema, mikono yake myekundu ikitiririka maji. "Saa hizi umejipamba hivyo, umeposwa?"

"Na nani, kwa uso huu?"

"Muuza chai ni mjane. Mkali, lakini ana meno yote." Akacheka, akafuta mikono, akanivutia mto. "Kaa, magoti yako si ya chuma."

Sikukaa juu ya mto. Niliinama nikasema maneno yale yale niliyoyasema kwenye milango arobaini. Aliusogeza muhuri karibu, kisha akausimamisha hewani. Nilijua anachotaka. Alitaka kuniomba karatasi, maandishi yanayosema atapata nafasi. Nilimwona akilimeza ombi lile, uso ukamwiva kwa aibu ya kuliwaza tu. Kwetu, kumwomba maandishi mtu aliyepiga magoti sakafuni kwako ni kumwita mwongo. Laiti angeniomba, nisingekuwa na la kusema, na kila kitu kingeishia pale.

"Eikichi ni mtoto wetu," akasema, akagandamiza muhuri. Kisha akanipa tofu ya moto nikale nyumbani.

Duka lilifunguliwa majira ya kuchipua, na puto na bendi. Tofu ya kiwandani iliuzwa kwa bei ambayo Fusae hakuweza hata kununulia soya. Nilinunua kwake vipande vinne kila siku, mimi mtu mmoja. Alijua siwezi kuvila vyote, na kila siku alinifungia vizuri. Muuza samaki alifunga kwanza, kisha wa mboga. Fusae alivumilia miaka mitatu. Siku aliyofunga aliniletea kipande cha mwisho ndani ya bakuli, akainama akanishukuru kwa kuwa mteja wake. Kesho yake alihamia mji mwingine kwa binti yake. Nililala nikisikiliza ukuta, na ukuta ulikuwa kimya.

Mwaka huu kampuni imetimiza miaka hamsini, ikachapa kitabu cha historia yake, kizito kama tofali. Maduka mia tatu na tisini. Ukurasa wa themanini na nane una picha yangu na maneno haya: *Wenyeji wa mtaa walilipokea duka kwa furaha, kwa upendo wa dada wa mwanzilishi.* Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kisha nikauliza huku na huku, nikapata anwani ya nyumba ya kulelea wazee, nikapanda treni.

Fusae ana miaka themanini sasa. Mwili umenywea, lakini mikono ni ile ile. Alinitambua kabla sijavua koti. Nikamwambia yote: mchoro, simu, na kwamba nilipopiga magoti kwake nilikuwa najua.

Nje walikuwa wakifagia theluji.

"Binti yangu hataki jina lako litajwe nyumbani kwake," akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikutetea. Miaka ishirini na mitano, Sumie. Nilimwambia, mwache, na yeye alidanganywa. Tuligombana kwa ajili yako. Mwaka mmoja hakuja hata kunisalimu."

Aliniona natetemeka, akavuta nusu ya blanketi lake akanifunika magoti, kwa namna ile ile ambayo angemfunika mtu yeyote aliyeingia na baridi. Hakunitazama.

Mhudumu alikuja kusema muda umekwisha. Nikakunja blanketi, nikamrudishia, nikainama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Njoo tena," akasema. "Wiki ijayo, njoo mapema. Leo umesema wewe tu. Mimi yangu bado sijaanza."