Mto Uliofuata Ubao Wangu

Niliota usiku wa jana kwamba kamati ya kuzuia safari yangu inakaa darasa la sita B, na mwenyekiti wake ni Gaudensi, mwanangu wa kwanza, magoti yamebanwa kwenye dawati lake la zamani.

Safari yenyewe naipanga tangu nistaafu ualimu: siku nne kwa mtumbwi, Mto Kilombero, hadi maporomoko ya Shuguli. Miaka thelathini na moja nimeufundisha mto huo kwa chaki, na sijawahi kutia hata kidole ndani yake. Mara watoto, mara mitihani, mara goti. Sasa watoto wamekua, na wanaonizuia ni wao wenyewe.

Jaketi la kuokoa maisha linasimama kusoma kanuni.

"Kanuni ya kwanza," linasema. "Maji ya kasi yakaguliwe kutoka nchi kavu."

Mlango unafunguka, mto unaingia. Unajifuta miguu kwenye gunia la mlangoni, unakuja mbele ya darasa na kusimama wima ukaguliwe. Naukagua mbele na nyuma. Katikati una kona kali ya kushoto.

"Kona hiyo umeitoa wapi?" nauliza.

"Kwako, Mwalimu. Ubao wako ulikuwa na ufa, ukanichora nikiuzunguka. Watoto wakanakili, wakafaulu. Ningefanyaje? Nikajipinda, na mgongo unaniuma."

Aibu inanishika. Ni kweli niliukwepa ufa ule miaka yote, nikijiambia nitasahihisha kesho.

"Basi nakuja kukunyoosha," nasema.

Mto unacheka mpaka madirisha yanalowa. "Wajerumani niliwarudisha na mashua zao za chuma, sembuse bibi wa goti bovu?"

"Wajerumani hawakukufundisha darasa la sita."

Mto unavuta dawati, unakaa.

"Kanuni ya pili," jaketi linadakia. "Mizigo mizito iachwe nyumbani. Mama avue miaka yake sitini na mbili, aiweke mezani."

Gaudensi anaisogeza meza. "Mama, tunakutakia mema. Wewe tulia tu, tukutunze."

Hapo hasira zinanipanda. Tukutunze! Huyu nilimbeba mgongoni nikisahihisha madaftari, leo ananipangia pa kukaa.

"Miaka yangu siivui, naenda nayo! Gaudensi, simama. Shika chaki, andika mara mia moja: Mama si mzigo."

"Mama, mimi ni mkuu wa idara."

"Mara mia mbili."

Anaandika. Darasa sasa ni mtumbwi na ubao umekuwa maji, lakini anaendelea kuandika juu ya mawimbi, huku kafi likimhesabia kwa sauti. Inapotimia mia mbili, mto unanyooka mgongo, unasema "Aaah," na mimi naamka.

Asubuhi nilimkuta Gaudensi mezani. Alikuja juzi, kazi yake moja tu, kunikataza. Chai alikuwa akiinywa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameulaza juu ya meza kama mgonjwa, na vidole vimejaa unga mweupe. Humu ndani hakuna chaki tangu nistaafu.

Nilimsogezea kiazi.

"Mama," akasema bila kuniangalia, "unaondoka lini?"

"Jumatatu. Kanawe mikono."